Wanafunzi wa Japani: tusisingizie mitihani tu, tatizo limekaa darasani

Wakuu salaam,

Kila Septemba ikiingia lazima mtu alete humu habari ya watoto wa Japani kujiua, na majibu huwa yaleyale: wanasoma kupita kiasi, mitihani imewavuruga, wazazi wamewakaba koo. Mimi nimesoma chuo kule, nimekaa na familia za kule, na mpaka leo kila Wizara yao ya Elimu inapotoa ripoti ya mwaka huwa naipitia. Naona tunamkamata mtuhumiwa anayehusika kidogo tu, mwenyewe hasa tunamwacha anapita. Uzi ni mrefu, mwenye haraka zake ruksa kupita.

Tuanze na namba ili tusibishane hewani. Mwaka wao wa masomo unaanza Aprili na kuisha Machi. Kwa mwaka wa masomo 2023, watoto wa shule za msingi na sekondari ya chini waliokosa shule siku 30 au zaidi, tena si kwa ugonjwa wala kwa kukosa hela, walikuwa 346,482. Mwaka 2024 wakafika 353,970. Kule wanawaita futoko, na idadi yao imepanda miaka 12 mfululizo. Kumbukeni wakati huohuo watoto wenyewe wanapungua, maana Wajapani hawazai. Darasa linakuwa dogo, wanaolikimbia wanaongezeka. Na mwaka 2024 wanafunzi 529 kuanzia msingi hadi sekondari ya juu walijitoa uhai, idadi ambayo mpaka mwaka huo haikuwa imewahi kufikiwa tangu takwimu hizo zianze kutunzwa.

Sasa weka hiyo pembeni ya hii: ripoti ya UNICEF ya 2020 ililinganisha watoto wa nchi 38 tajiri. Kwa afya ya mwili Japani ilikuwa ya kwanza. Kwa afya ya akili ilikuwa ya 37. Mtoto anakula vizuri, anatembea mwenyewe kwenda shule bila kuogopa mtu, hisabati anawaburuza wenzake duniani, halafu moyoni hana raha.

Mitihani ipo, sikatai. Mtoto wa miaka 15 anafanya mtihani wa kuingia sekondari ya juu, na kila shule ina mtihani wake na hadhi yake. Jioni anakwenda juku, yaani tuisheni ya kulipia, anarudi nyumbani saa tatu au saa nne usiku. Kuna kipimo kinaitwa hensachi kinachomwambia yuko juu au chini ya wastani kwa kiasi gani, na mzazi anakijua kuliko anavyojua namba ya kiatu cha mwanawe. Katikati ya Januari unakuja mtihani wa pamoja wa kuingia vyuo vikuu. Anayekosa chuo alichokitaka anaweza kukaa mwaka mzima anajiandaa upya, na wanamwita ronin, jina la samurai asiye na bwana.

Lakini hebu tufikiri. Mbanano mkali wa mitihani ulikuwa miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, watoto wakiwa wengi na nafasi chache. Leo ni kinyume. Mwaka 2024 asilimia 59 ya vyuo vikuu binafsi vilishindwa kujaza nafasi zao. Ukitaka chuo, chochote kile, utapata. Ukiondoa wanaogombea vyuo vya juu kabisa, mchujo umelegea. Kama kisa kingekuwa mitihani, futoko wangepungua. Wameongezeka, na wengine ni wa darasa la pili na la tatu ambao hawajui hata huo mtihani unafananaje.

Kwa hiyo mimi nasema tuangalie darasa.

Darasa la Japani ni kama kijiji. Watoto thelathini na kitu wanapangwa pamoja Aprili, na hao ndio watu wako mpaka Machi. Mnasoma chumba kimoja, kusafisha shule mnasafisha pamoja kwa sababu kazi hiyo inafanywa na wanafunzi, mnakwenda matembezi pamoja, na mkifika sekondari mnaendelea kwenye klabu jioni. Shule nyingi za msingi hazina bwalo. Chakula kinaliwa humohumo darasani.

Niliwahi kualikwa na shule moja ya msingi niwasimulie watoto habari za kwetu, nikabaki kula nao. Wa zamu wakavaa aproni nyeupe na kofia, wakaleta sufuria ya supu kwa kigari, wakapakua kwa foleni bila kelele. Nidhamu mpaka unaona aibu. Kisha wakasogeza meza zao ziungane nne nne, watazamane. Kwenye kundi moja meza ya binti mmoja ilisogezwa lakini haikugusana na nyingine. Pakabaki upenyo wa kama kiganja. Hakuna aliyemtukana wala aliyemsukuma. Waliongea, wakacheka, wakapitishiana vitu juu yake. Nilipomtazama mwalimu, alikuwa anakagua kama kila mtu amepata maziwa.

Huko ndiko kususwa kunakoanzia. Baadaye viatu vya ndani vinapotea. Kule mlangoni kuna makabati ya viatu, unavua vya nje, unavaa vya ndani vyeupe vyenye jina lako. Ukikuta kabati lako tupu asubuhi, una mambo mawili: uingie na soksi kila mtu aone, au ukamwambie mwalimu, na ukimwambia umeshakuwa mchongezi. Wengi huchagua la tatu, wanageuza kurudi nyumbani. Siku hizi kuna na magrupu ya LINE, app yao ya kuchati, unaondolewa usiku, asubuhi unakuta kila mtu anajua jambo ambalo wewe hulijui.

Mwanasosholojia Morita Yoji aliwahi kueleza kwamba uonevu wa darasani una tabaka nne: anayeonea, anayeonewa, wanaoshangilia, na wanaotazama pembeni bila kusema kitu. Hao wa nne ndio wenye uzito, maana wakikemea unaisha, wakinyamaza unaota mizizi. Nao hawanyamazi kwa ubaya wa roho. Wananyamaza kwa sababu mtu akimtetea anayesuswa, kesho zamu ni yake.

Na wakati mwingine mwalimu naye ni mkazi wa kijiji hicho. Mwaka 1985 katika shule moja ya wilaya ya Nakano, Tokyo, wanafunzi walicheza mchezo wa "msiba" wa mwenzao aliye hai. Wakaweka dawati lake kama la marehemu, wakaandika kadi ya rambirambi na kuisaini. Walimu wanne, pamoja na mwalimu wake wa darasa, waliisaini pia. Yule kijana wa miaka 13 alijiua Februari 1986. Nchi nzima ilishtuka, wakaahidi haitajirudia. Mwaka 2011 likatokea la mji wa Otsu: mvulana wa miaka 13 tena, na shule na bodi ya elimu wakashutumiwa kwa kuchunguza juujuu na kuficha walichokipata. Ni baada ya hilo ndipo ikapitishwa sheria ya kuzuia uonevu shuleni, 2013.

Nawasilisha. Karibuni.

Kiboko_Msumari:
Mkuu mada nzuri, ila hao watoto wamedekezwa. Sisi tumechapwa, tumefagia uwanja, tumetembea umbali wa kufa mtu, mbona hatukujifungia ndani? Warudishiwe fimbo kwanza.

Mleta mada:
Mkuu Kiboko, fimbo walikuwa nazo. Sheria yao ya shule ya 1947, kifungu cha 11, inakataza mwalimu kumpiga mwanafunzi, lakini kwenye bukatsu, yaani vile vilabu vya jioni vya michezo na muziki, makocha waliendelea chini kwa chini na wazazi wengi wakiunga mkono kama wewe. Desemba 2012 nahodha wa timu ya kikapu ya sekondari moja ya Osaka alijiua baada ya kupigwa na kocha wake mara kwa mara. Nahodha, siyo mtoro. Alikuwa anapigwa kwa makosa ya timu. Kocha alifukuzwa kazi na mahakama ikampa kifungo cha mwaka mmoja cha nje.

Msomi wa Kijiweni:
Mleta mada unaandika vizuri lakini unaponda mitihani haraka mno. Polisi na Wizara ya Afya ya Japani wanapoorodhesha sababu za wanafunzi kujiua, matokeo mabaya na wasiwasi wa masomo ya mbele havikosi juu ya orodha, na uonevu unakuwa na idadi ndogo. Hilo unalijibuje?

Mleta mada:
Swali zuri, na orodha hiyo ni kweli. Migogoro na marafiki nayo imo humo juu. Lakini angalia nani anajaza. Mtoto ameshaondoka, anayeulizwa ni shule na familia. Shule ikisema "alikuwa na shida ya masomo" hakuna anayewajibika. Ikisema "alikuwa anasuswa" inaundwa kamati ya uchunguzi.

Na tuna ushahidi wa jinsi watu wazima wanavyoona tofauti. Utafiti ulioagizwa na Wizara yenyewe na kutolewa 2024 uliwauliza watoto futoko, wazazi wao na walimu wao chanzo ni nini. Walimu waliotaja uonevu walikuwa asilimia 4 hivi. Watoto wenyewe zaidi ya asilimia 26. Kwenye ripoti ya mwaka inayojazwa na shule, jibu linaloongoza ni kwamba mtoto "hana ari ya maisha ya shule." Hana ari! Kama mganga anayeandika kwamba mgonjwa amefariki kwa kukosa pumzi.

Sisemi mitihani ni kitu kidogo. Nasema matokeo mabaya yanauma zaidi pale wenzako thelathini wanapojua uko wapi kwenye msururu, na huna chumba kingine cha kukimbilia.

Mtoto wa Mjini:
Nimegugo nikakuta kesi za uonevu zaidi ya laki saba kwa mwaka. Hao watu ni wanyama au?

Mleta mada:
Taratibu hapo. Mwaka 2023 zilikuwa 732,568, mwaka 2024 zikawa 769,022. Ila sheria ya 2013 inasema kitu chochote alichofanyiwa mtoto na mwenzake kikamuumiza, huo ni uonevu, na shule inatakiwa iuripoti hata kama wamesameheana mchana huohuo. Nyingi ni za shule za msingi: kutaniwa, kusukumwa, kunyang'anywa kifutio. Binafsi namba kubwa ya aina hii hainitishi, shule inayoripoti sifuri ndiyo ningeiogopa. Wanaotaka kujua hali halisi waangalie kundi la "matukio mazito", yale ambayo mtoto ameumia vibaya, amefariki au ameacha shule kwa muda mrefu. Hayo yalikuwa 1,405 mwaka 2024, na nayo yamepanda.

BintiMvita:
Shemeji yangu aliishi Saitama, alikuwa akitwambia hata rangi ya nywele wanachungulia. Ni kweli ama alikuwa anatutia chumvi?

Mleta mada:
Kweli tupu dada. Osaka kuna binti wa sekondari aliyesema nywele zake ni za kahawia tangu azaliwe, shule ikawa inamlazimisha azipake rangi nyeusi, tena na tena, mpaka akaacha kwenda. Alifungua kesi 2017. Februari 2021 mahakama ikaamuru alipwe yeni 330,000, lakini si kwa ajili ya kanuni yenyewe, kwani ilisema shule ina haki ya kuwa nayo. Kilichowaponza ni kufuta jina lake kwenye orodha na kuondoa dawati lake baada ya kuacha kuja. Waliondoa dawati! Ukiishi kule unajua maana yake.

Shule za serikali za mkoa wa Tokyo zilifuta kanuni za nywele nyeusi na za rangi ya nguo za ndani kuanzia Aprili 2022. Watu weusi bado wana mtihani wao. Mwaka 2023 mjini Himeji, kijana mwenye baba Mmarekani mweusi alisuka nywele zake vizuri kwa ajili ya mahafali, shule ikamkalisha mbali na wenzake. Siku ya kuhitimu.

Mwalimu wa Zamu:
Mimi ni mwalimu, naomba kuelewa kitu kimoja. Mtoto amekosa mwaka mzima, anavukaje darasa? Na walimu wao hawaendi nyumbani kumfuata?

Mleta mada:
Mwalimu, shikamoo. Elimu ya lazima ni miaka 9 na mtoto anapanda kwa umri. Kukariri darasa kwa kweli hakupo, na hata aliyekaa nyumbani miaka miwili kwa kawaida anapewa cheti cha kumaliza sekondari ya chini. Panaonekana pana huruma, na kwa upande mmoja ipo. Shida inamsubiri mbele: kuingia sekondari ya juu, shule inaangalia mtihani pamoja na ripoti ya sekondari ya chini, na ripoti yake haina maksi. Hapo ndipo mlango unapojibana akiwa na miaka 15.

Walimu wanakwenda nyumbani, wanapiga simu, wanaacha makaratasi kwenye sanduku la barua. Lakini wamechoka. Utafiti wa OECD wa 2018 ulikuta mwalimu wa sekondari ya chini wa Japani anafanya kazi saa 56 kwa wiki, nyingi kuliko nchi nyingine zote zilizopimwa. Ndani yake kuna klabu, makaratasi, simu za wazazi. Wenyewe nao wanaumwa: mwaka wa masomo 2023 walimu 7,119 wa shule za umma walikuwa likizo kwa matatizo ya akili. Washauri nasaha walianza kupelekwa shuleni 1995, ila shule nyingi zinampata siku moja kwa wiki. Anayebeba mzigo hasa ni mwalimu wa chumba cha afya. Kuna watoto wanaofika shule, wanapita moja kwa moja kwenye chumba chake, wanakaa hapo mpaka saa ya kurudi. Darasani hawaingii.

Mtoto wa Mjini:
Na hiyo Septemba ina nini?

Mleta mada:
Likizo ya kiangazi inaisha. Ofisi ya Baraza la Mawaziri ilipitia vifo vya kujiua vya watu wa miaka 18 kushuka chini tangu 1972 hadi 2013, jumla 18,048. Siku iliyoongoza mwaka mzima ilikuwa Septemba 1, vifo 131. Ndiyo maana Agosti 2015 maktaba ya mji wa Kamakura iliandika Twitter kuwaambia watoto kwamba kama kwenda shule ni kugumu kiasi cha kutaka kufa, waje maktaba, kuna vitabu, na hata wakikaa siku nzima hakuna atakayewauliza kitu. Ilisambaa nchi nzima. Wapo waliotaka ifutwe kwa kuwa inahamasisha utoro.

Msomi wa Kijiweni:
Vipi chuo? Huko hakuna darasa moja la kudumu, kwa nadharia yako wangepumua.

Mleta mada:
Wengi wanapumua kweli. Wengine wanakutana na shida ya upande wa pili: miaka 12 walipangiwa watu wa kukaa nao, sasa hakuna anayewapangia. Wanaanza Aprili kwa shamrashamra, ikipita likizo ya mwanzoni mwa Mei wanaanza kudorora, na hali hiyo ina jina kabisa, ugonjwa wa Mei. Wapo wanaokula chooni wasionekane wanakula peke yao. Chuo Kikuu cha Kyoto kiliweka kwenye bwalo viti vyenye kizuizi katikati kwa ajili ya wanaokula peke yao, na vilipendwa. Anayejifungia ndani zaidi ya miezi sita anahesabiwa hikikomori. Makadirio ya serikali yaliyotolewa 2023 ni watu milioni 1.46 wa miaka 15 hadi 64. Wengi hawakuanzia shuleni, kuna walioanzia kazini, kwa hiyo tusiwajumuishe wote humu.

MamaNagoya:
Ndugu mleta mada, mimi nimeolewa huku. Mwanangu yupo darasa la tano, tangu Juni asubuhi tumbo linamuuma, ikifika saa nne linapona. Mume wangu anasema tumlazimishe. Mama mkwe ndiyo usiseme. Nifanye nini?

Mleta mada:
Pole sana dada. Hilo tumbo linauma kweli, haigizi. Katika utafiti niliotaja hapo juu, karibu asilimia 70 ya watoto walitaja maumivu na kuumwa, walimu wao walioliona hilo hawakufika asilimia 20. Mpeleke kwa daktari wa watoto, na muulize akiwa ametulia, mfano mkiwa kwenye gari, siyo asubuhi mlangoni.

Mwonyeshe mumeo sheria ya Desemba 2016 ya kuhakikisha fursa ya elimu. Inatambua kwamba mtoto anaweza kuhitaji kupumzika na kwamba kusoma nje ya shule kuna thamani. Halmashauri yenu itakuwa na kituo cha kusaidia watoto wa aina hii, ni bure, ulizia bodi ya elimu. Zipo pia shule maalumu zenye ratiba nyepesi, serikali inataka zifike 300. Na kuna shule huria, free school kama wenyewe wanavyoziita, yaani sehemu za kusomea nje ya shule za kawaida. Mojawapo, Tokyo Shure, ipo tangu 1985. Mkuu wa shule yake akikubali, siku za huko zinahesabiwa kama mahudhurio. Muombe kwa maandishi.

MamaNagoya:
Asante sana kaka. Na hizo shule huria gharama zake?

Mleta mada:
Uchunguzi wa Wizara wa 2015 ulipata wastani wa yeni 33,000 kwa mwezi. Tokyo wanarudishia wazazi hadi 20,000 kwa mwezi tangu 2024, ila huo ni mkoa wa Tokyo. Kwa Nagoya piga simu bodi ya elimu ya jiji uwaulize wana ruzuku gani, na ukienda nenda na mumeo, mama mkwe abaki nyumbani.